Kitoweo Kutoka Ngazidja

Mimi sichukii wageni. Ila Bi Mwanaheri, shangazi wa mume wangu Mansuri, ni mgeni anayekuja na bahari nzima mdomoni. Anatoka Ngazidja, kisiwa cha Komoro chenye mlima unaotema moto, na tangu ateremke kwenye basi hapa Kibondo hatukupumzika. Mara nyangumi wanakuja na watoto wao hadi karibu na miamba myeusi iliyomwagwa na ule mlima. Mara pomboo wanashindana na boti. Wateja walisahau sukari waliyoifuata dukani kwetu wakabaki kumsikiliza. Nami, mtoto wa Kumsenga niliyeiona bahari kwenye simu tu, nilimsikiliza kwa uchu, sitasema uongo.

Jumapili akafungua furushi alilolificha ndani ya kanga zake. Nyama nyeusi, kavu, ngumu kama soli.

"Kasa huyu," akaninong'oneza. "Nimenunua kwa mtu. Kula, mwanangu, maziwa ya mtoto yajae."

Kwa mtu gani, sikuuliza. Kasa wanalindwa, kuwaua ni kosa, ndiyo maana ya kunong'ona. Lakini ukwe nao una adabu zake. Mgeni akupikie kwa nazi aliyoibeba mwenyewe, utakataaje? Nikala. Mansuri akala, akaongeza.

Asubuhi mdomo uliniwaka, koo likakaza, nikatapika mpaka nyongo. Mansuri vilevile, shangazi vilevile. Majirani wakatupeleka hospitali sote watatu, na Shamsi wangu wa miezi minne mgongoni kwa jirani.

Daktari akauliza tumekula nini.

"Sangara," Mansuri akawahi. "Nadhani alikuwa ameharibika."

Nikamtazama. Akanifinya mkono. Nilijua anachoogopa: polisi, duka kufungwa, shangazi yake kuwekwa ndani uzeeni. Bi Mwanaheri mwenyewe, yule mwenye maneno, alikuwa anaangalia sakafu. Nilikasirika hadi masikio yakavuma, lakini nikanyamaza. Mambo ya nyumbani hayaanikwi nje, ndivyo tulivyofundwa.

"Mtoto ananyonya?"

"Ndiyo."

"Kama ni samaki aliyeharibika tu, mnyonyeshe. Maziwa hayana neno."

Shamsi alikuwa ameshaanza kulia. Nikafungua vifungo vya gauni. Kabla hajashika titi, Bi Mwanaheri akainuka kitandani kwake na dripu yake mkononi, akamvuta mtoto.

"Usimpe," akasema.

"Shangazi, mtoto ana njaa."

"Yule hakuwa kasa wa kuliwa. Mdomo ukiwaka hivi ni ng'amba. Nimeuziwa ng'amba, ndugu yake kasa, naye kwenye miamba yetu hula vitu vya sumu." Akamgeukia daktari. "Hatukula sangara. Nimeleta mimi, nimepika mimi, kama ni kufungwa nifungwe mimi. Kwetu kila mtu anajua, sumu ya ng'amba hupita kwenye maziwa. Mama hupona, mtoto hufa."

Mansuri akajifunika uso. Daktari hakumgombeza mtu. Aliniuliza tu kama nimemnyonyesha tangu nile ile nyama.

"Usiku kucha," nikasema. "Alikuwa hataki kuachia."

Wauguzi wakampeleka Shamsi chumba cha pili, wakawa wanampa maziwa ya kopo kwa kijiko. Hakuyataka. Nilimsikia akilia nyuma ya ukuta, na kila alipolia maziwa yangu yalitoka yenyewe, yakalowesha gauni, yakalowesha shuka. Nikayakamua kwenye beseni la matapishi. Roho iliniuma, sijui niiseme vipi. Mwanangu analia njaa, na mimi namwaga.

Bi Mwanaheri akaanza kuniomba radhi. Nikamwambia anyamaze, ananizuia kusikia. Maana akilia, yupo.

Alasiri kilio kikakoma.

"Amelala," Mansuri akasema. "Mwache apumzike."

Nikachomoa dripu, nikashuka kitandani bila viatu, nikaenda kumwamsha.