Vicheko Sita vya Libère

Ndani ya blanketi kulikuwa na Libère, maiki, simu na joto lote la Februari. Blanketi liliwekwa kuzuia honi za teksi zisiingie kwenye filamu. Hewa nayo ikadhani imekatazwa, haikuingia. Filamu ilikuwa ya Kikorea. Alikuwa amefika pale mama mkwe anapomkimbiza kijana kwa mwiko, na ameshampangia mama huyo matusi ya Kiswahili yenye adabu zake, Alain alipofunua blanketi.

"Toka, vieux, mzee wangu. Inatosha."

"Nimebakiza nusu saa, patron."

"Iko tayari."

Alain, mwenye duka la simu, alimgeuzia kompyuta. Mama mkwe alikuwa anatukana kwa sauti ya Libère. Kifaransa chake cha kuchomekea kilikuwepo, na ile "eish" yake anayoivuta kama lastiki ya suruali. Ila maneno hayo hakuyasema yeye.

Kwa miaka sita filamu alizozitafsiri zilitoka dukani hapo kwenye flashi, zikaingia saluni za mjini na vyumba vya wanafunzi mtaa wa Glenwood. Watu walimjua kwa sauti. Kwa sura, walimwomba awapishe njia.

Mwezi wa kumi na moja Alain alimpa kurasa kumi na nne azisome, akasema ni za tangazo. Sasa lia. Sasa cheka. Cheka kama umeona polisi kateleza. Cheka kama mzaha ni wa bosi. Vilitakiwa vicheko vitano. Libère alitoa sita, akidhani anapandishwa cheo.

"Ulisema ni tangazo."

"Machine imejifunza kwenye zile kurasa zako. Inafanya filamu kumi kwa siku, vieux. Na haiombi maji."

"Lakini sauti ni yangu."

Alain hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Basi nenda polisi. Waonyeshe ile karatasi yako ya ukimbizi iliyokufa tangu mwezi wa sita, halafu uwaambie kwamba sauti uliyokuwa unaibia filamu imeibiwa." Akampiga begani, polepole. "Jina lako tutaliacha kwenye flashi. Watu wanakupenda."

Jumapili mchana, chumbani kwake Greyville, Libère alisikia sauti yake mwenyewe ikiongea nyuma ya ukuta wa mbao. Akavaa shati, akaenda kugonga kwa jirani.

Alifungua Marcelline, msusi. Miaka miwili ukuta mmoja, na hawajawahi kuvuka "bonjour". Nyuma yake watu watano walikuwa wamebanana kitandani, sahani magotini.

"Mama, hiyo sauti…" Koo lilikwaruza. Hakuwa ameongea na mtu tangu Alhamisi alipotoka dukani kwa Alain.

"Tumeweka kubwa? Pardon, papa. Ingia uangalie. Ila usiongee, filamu ya Libère haitaki kelele."

"Libère ni mimi."

Chumba kizima kilicheka. "Na mimi ndiye yule Mkorea," alisema mwanamume mwenye mguu wa kuku mkononi. "Kaa basi, papa, unaziba."

Wakampa kreti la soda akalie. Vumbi la miaka sita ya blanketi likaanza kumtekenya kifuani, akauma mkono wa shati asikohoe. Kwenye televisheni sauti yake ilikatisha mzaha ambao yeye hakuwahi kuusema, ikakohoa mara mbili, kikavu, kisha ikaendelea.

"Hapo ndipo ninapomupenda," alisema Marcelline. "Utasema mtu iko humu ndani."

"Shhh," mtu akasema.

Libère alizidi kuuma shati, machozi yakimtoka, asije akawaharibia.