Aliyekata Peke Yake

Katiba ya Umoja wa Washonaji wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, aliiandika Papa Mulenda mwenyewe, na kifungu kimoja alikipenda kuliko vyote: pesa ya umoja itakatwa mbele ya wanachama wote, na hakuna mtu mmoja atakayeikata wala kukopa kwa jina la wote. Kukatwa, ndiyo, kwa makasi. Pesa yenyewe ilikuwa vipande vya kitenge ambacho Mama Véronique alikuja nacho kutoka Uvira, Kongo, chenye maua ambayo hakuna aliyewahi kuyaona Malawi. Kipande kimoja, jetoni moja. Jetoni moja, ndoo ndogo ya unga dukani kwa Mama Gertrude. Kazi za kushona zikilipwa, umoja unampa Gertrude kwacha zake na kuchukua jetoni. Kitenge kilikaa kwa Mulenda, mzee wa kanisa. Watu walisema huyo ukimkabidhi bucha, hata mfupa hautapungua.

Basi mwenye duka mmoja wa Nsungwi, kule Lilongwe, akaagiza sare za shule, akazichukua, na tangu hapo kila Mulenda akienda kudai anaambiwa "mawa", yaani kesho. Kesho gani hiyo isiyofika! Siku moja, akirudi mikono mitupu, alipita soko la Area 36, na kwenye rundo la kaunjika, zile nguo za mitumba, akakiona: kitenge kilekile, maua yaleyale. Moyo ulimwambia apite. Akakinunua.

Hakutaka kula peke yake, hilo lisemwe. Washonaji walikuwa na njaa, naye alichoka kuwaambia kesho. Akajifungia ndani, akakata, na Jumamosi akawalipa wote, akidai ni jetoni za zamani zilizobaki. Alijiambia kwamba mwenye duka wa Nsungwi akilipa atazikusanya na kuzichoma.

Mwenye duka hakulipa. Jetoni zikamjaa Gertrude hadi akakosa kwacha za kwenda soko la Madisi kununua mahindi. Akatangaza: jetoni mbili kwa ndoo moja.

Aliyeumia zaidi ni Véronique. Alikuwa akiziweka jetoni zake ili amalize matanga ya mumewe, watu waje wale washibe. Sasa zingelisha nusu yao. Mulenda alimwona akizifunga tena kwenye pindo la nguo, za zamani pamoja na za Jumamosi. Jioni ile akayatia mfukoni mabaki ya kitenge kile cha pili.

Jumapili baada ya ibada wanachama walibaki kanisani ili wamfukuze Gertrude katika umoja.

"Huyu mama anatuiba!" akafoka Olivier, fundi wa suruali. "Amebadilisha bei ya pesa yetu yeye peke yake. Papa Mulenda, utusomee kifungu!"

"Mi sikuiba mutu," akasema Gertrude. "Jetoni njo zimezidi. Sijui zinatoka wapi."

Wakamzomea. Mulenda akaifungua katiba. Angeweza kusoma na kukaa, mama wa watu aende na jina la mwizi, na yeye abaki mzee wa kanisa. Alilipima jambo hilo kitambo, akajichukia kwa kulipima.

"Mi njo nilikata," akasema. "Peke yangu. Gertrude hana kosa."

Wakacheka.

"Papa, tunajua roho yako," akasema Olivier. "Unataka kumufunika tu."

Kuaminiwa kule kulimchoma kuliko matusi. Akatoa mfukoni mabaki ya kitenge cha Area 36, akayatandaza sakafuni, akawaambia alipoyanunua. Kicheko kikakatika. Alikuwa amekopa kwa kila mmoja wao bila kumwomba hata mmoja.

Véronique akaja mbele, akafungua pindo lake, akazimwaga jetoni.

"Papa," akasema polepole, "sigombani na weye. Unichagulie tu zenye zilitoka mu kitenge yangu. Zingine uzirudishe."

Mulenda akapiga magoti. Akachukua moja, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Akachukua nyingine. Maua yaleyale, makasi yaleyale. Watu wote walikuwa wakimngoja.

"Mama," akasema mwishowe, "siwezi kuzijua."

Véronique hakuzifunga tena. Aliziacha pale sakafuni, mbele ya magoti ya Mulenda, akatoka nje.