Marahaba Niliyomwitikia Mama

Pikipiki yangu sikuwahi kuiita "hii." Nilimwita "huyu," kama mtu, na mama yangu Theodosia alinicheka kwa hilo miaka yote. "Huyu amekula?" angeuliza akiniona natikisa petroli na oili katika kopo, maana injini ya namna ile hainywi petroli tupu. Mke wangu hakucheka. Yeye alimwita mke mwenza, na alikuwa na sababu zake.

Nilikuwa mkaguzi wa mibuni wakati wa Mwingereza. Huyu nilimnunua kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao, nikamkata madigadi yasijae tope, nikalipandisha juu bomba la moshi lisinywe maji mtoni. Alikuwa mwepesi, penye gogo nilimbeba mimi. Katika mashamba yetu ya ngolo, yale mashimo yanayopanda mlima kama sega la nyuki, alipita kwenye kingo ambazo mbuzi huzifikiria kwanza. Kwa mlio wake nilijua ana njaa, ana joto au amechoka.

Masika yale mama aliteremka Mbaha, ufukweni mwa ziwa, kumwangalia dada yangu Tadea aliyekuwa amejifungua. Homa ikamkamata hukohuko. Nilipofika alikuwa bado anasema, na alichosema kilikuwa kimoja tu: asizikwe mchangani. Alitaka kulala kwetu Mpepai, mlimani, kando ya baba. Jua lilipochomoza juu ya milima alikuwa amekwisha.

Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, malori hayapiti, na joto la ziwani halimngoji maiti. Wakwe wa Tadea, watu wema, wakaanza kuulizana majembe yako wapi. Nikamwambia Tadea amvalishe mama nguo zake za kanisani. Alinielewa kabla sijamaliza. Akamshusha mtoto mgongoni, akaniwekea mbeleko mikononi.

"Alikubeba hivi," akasema. "Mbebe."

Tukamketisha mama nyuma yangu, tukamfunga kwangu kifuani na kiunoni, kichwa chake kikaegemea bega langu. Huyu akawaka kwa kiki ya kwanza, jambo ambalo asubuhi za mvua hakulifanya kamwe.

Mlima ule siwezi kuueleza vizuri. Tulikuwa watatu, na aliyefanya kazi alikuwa mmoja. Kwenye kijito fulani maji yaliruka yakalowesha plagi, akazimika. Nikainama na mama mgongoni, nikaifungua plagi, nikaikausha kwa ncha ya mbeleko.

Hapo wakatokea wanawake wawili na vikapu vya ndizi. Walinisalimu mimi, kisha mkubwa wao akakunja goti.

"Shikamoo, mama."

Akasubiri, kama anavyosubiri mtu aliyelelewa. Akarudia, safari hii kwa sauti ya mtu anayejiuliza amekosa nini. Ningeweza kusema kweli. Wangepiga yowe, watu wangejaa, na mama asingefika. Lakini haikuwa hilo tu. Mama hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtu ianguke chini.

"Marahaba, wanangu," nikajibu taratibu, kwa jinsi yake.

"Bibi kapata sauti ya kidume," yule mdogo akatania.

"Mwache, amechoka," mwenzake akasema, akanitilia ndizi mbivu mfukoni. "Akiamka mpe."

Tulipokaribia Mpepai mlio ukabadilika. Ukawa mkavu, na ndani yake kitu kinagonga. Nilijua anaomba kupumzishwa. Siku nyingine yoyote ningesimama, nimpepee kwa kofia. Sikusimama. Nilimsikia akiungua chini yangu na nikazidi kumpa petroli, mpaka pistoni ikang'ang'ania na gurudumu likakataa kuzunguka, nyumba zetu zikiwa zinaonekana. Nikamlaza kando ya njia, nikamalizia kwa miguu, mama mgongoni.

Alizikwa kando ya baba.

Matanga yalipokwisha, wanaume wa ukoo tukakaa sengu, baraza letu la kumaliza mashauri. Tulikula pamoja kwanza, kama ilivyo desturi, ndipo mjomba Protasi, kaka wa mama, akafungua maneno. Alisema dada yake amepakiwa kama gunia la kahawa. Akasema habari za kijitoni zimefika, na yule mwanamke wa ndizi hapati usingizi, kwa kuwa alimsalimu maiti na maiti akamwitikia. Akanitaka niombe radhi mbele ya wote, na kile chuma kilichoegemea ukuta wangu nikakitupe korongoni. Mtu akanong'ona kwamba hata hivyo ni maiti wa pili. Wakacheka kidogo. Mimi nilitazama nje, nikaona mvua ikimnyeshea, na sikuwa na la kumfanyia.

Nikasimama, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akasema, kisha akakunja uso, kama mtu aliyeponyokwa na kitu.

"Una hasira nami, na bado umeitika," nikamwambia. "Ndivyo alivyokuwa dada yako, nami niliitika kwa niaba yake. Yule mama wa ndizi nitamfuata kwake, nimweleze na kumshukuru. Lakini radhi siombi. Siombi kwa safari, siombi kwa marahaba, na huyu hatupwi."