Kikohozi Kwenye Meza ya K

Jumatatu asubuhi mwalimu wa darasa la awali alipangusa meza ndogo iliyokuwa chini ya dirisha, akasimamisha juu yake kadi yenye herufi K, akaanza kuita watoto. Utaratibu wao ulikuwa huu: kila herufi mpya, kila mtoto alete kitu cha nyumbani kinachoanza nayo, akitaje kwa sauti, akiweke mezani. Kitu hakirudi nyumbani mpaka herufi iishe. Watoto walikuwa wepesi wa kusahau, na mwalimu, mwenye darasa lililojaa pomoni na chaki za kuungaunga, hakuwa na mbinu nyingine.

Vikaja kijiko, kitana chenye meno machache, kikombe kisicho na mkono, kufuli lisilo na ufunguo. Watoto watatu walileta kiatu, na wote watatu walishinda siku ile mguu mmoja peku. Mmoja alileta kuku, akarudishwa naye nyumbani kwa sababu zinazoeleweka.

Kisha akasimama Njiti. Mtaani walimwita hivyo kwa wembamba wake, na hata mama yake alishazoea. Alishika kopo la maziwa ya unga lililofunikwa vizuri.

"Kopo," mwalimu alisema. "Vizuri sana."

"Siyo kopo, mwalimu. Kimo ndani."

Akafunua. Kikatoka kikohozi kikavu, kirefu, chenye mluzi mwembamba mwishoni. Kilizunguka darasa, kikaangusha kadi, kikarudi ndani ya kopo.

"Kikohozi cha baba," alisema Njiti.

Mwalimu alifikiri kidogo. Kilikuwa kitu cha nyumbani, na kilianza na K. "Haya, mpigieni makofi," alisema, na darasa zima likapiga.

Baba yake Njiti alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha saruji, kwenye chumba cha kujazia mifuko, ambako watu walitambuana kwa sauti kwa jinsi vumbi lilivyokuwa zito. Alfajiri ile alikaa ukingoni mwa kitanda akikohoa, macho ameyafumba kwa uchovu. Binti yake alikuwa amezunguka nyumba nzima akitafuta kitu cha K ambacho wangeweza kukikosa kwa siku chache, asikione. Akamwekea baba yake kopo mdomoni. Kikatoka chote. Akafunika, akaenda shule.

Siku ile Baba Njiti alikula akashiba. Usiku akalala chali, jambo ambalo mkewe hakuwa ameliona tangu Njiti akibebwa mgongoni. Mama Njiti alikaa pembeni akitazama kifua kikipanda na kushuka kimya, akafurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Halafu akakumbuka Alhamisi, na furaha yake ikaingia nyongo.

Alhamisi daktari wa kiwanda alikuwa anakuja kuwapima wapakiaji. Ambaye kifua chake kingeonekana kimeharibika angehamishiwa getini, kwenye hewa safi, na kiwanda kingemtibu. Baba Njiti alikuwa ameingoja siku hiyo kwa hamu, maana alijua hali yake. Sasa ushahidi wake wote ulikuwa shuleni, kati ya kijiko na kitana.

Mama Njiti hakulaza damu. Asubuhi akaenda shuleni.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba kile kikohozi. Mwenyewe ana kazi nacho."

"Marahaba. Lakini Mama Njiti, nikikupa wewe, kesho watakuja wote. Kuna nyumba leo wamekunywa uji bila kijiko, na hawajasema kitu."

Mwalimu hakuwa na roho mbaya lakini. Jumatano, watoto walipomaliza kukichora, alimpa.

Jioni wakajaribu kukirudisha. Baba Njiti alifungua kinywa, mkewe akainamisha kopo, kikohozi kikachungulia, kikarudi ndani. Wakajaribu na mvuke, wakajaribu kubembeleza. Wapi! Humo ndani ya kopo kilikuwa kimepata nafasi.

"Basi nitakwenda nalo hivyo hivyo," alisema Baba Njiti. "Daktari ni msomi, ataelewa."

Daktari alielewa. Aliweka kifaa chake cha kusikilizia kifuani mwa Baba Njiti, asisikie kitu. Akakiweka kwenye kopo, kikohozi kikamtoa kifaa masikioni. Akarudia kupima vyote viwili, kwa kuwa alijiona mtu wa haki.

"Kopo lina hali mbaya sana," alisema. "Halifai kukaa kwenye vumbi hata siku moja. Lihamishiwe getini."

"Na mimi, daktari?"

"Wewe mzima kabisa, mzee. Hongera."

"Lakini kikohozi ni changu."

"Kilikuwa chako."

Kopo likapewa rafu kwenye kibanda cha mlinzi, penye upepo, likawa linamiminiwa dawa ya kifua asubuhi na jioni. Baba Njiti akarudi kwenye mifuko. Jamani, mtu acheke au alie? Wenzake walimpa pole, wakaendelea kupakia.

Vumbi liliingia kama kawaida, ila sasa hapakuwa na cha kulitoa. Alianza kuwa mzito. Kitanda kikabonyea upande wake. Mkewe alijua saruji ikikutana na maji inafanya nini, akawa anampimia ya kunywa kidogo kidogo, naye akilalamika kiu kutwa. Siku moja mvua ikamkuta njiani akitoka kazini. Alifika ameloa chapachapa, akaketi kwenye kiti karibu na mlango.

"Mke wangu, leo nimechoka," alisema.

Mama Njiti alipiga magoti kumvua viatu. Alipomaliza cha kwanza na kushika cha pili, mguu ulikuwa umeshakuwa mgumu, na mwenyewe pia.

Jeneza lilibebwa na mtaa mzima kwa kupokezana. Kiwanda kilituma mtu kuleta rambirambi. Kabla ya jeneza kufungwa aligonga bega la marehemu kwa vidole, akasikiliza, akamwambia mjane kwamba hajawahi kuona saruji iliyoshika vizuri namna ile. Alisema kwa nia njema kabisa.

Baada ya matanga Njiti alimfuata mama yake uani.

"Mama, ni mimi?"

Mama Njiti aliacha nguo kwenye beseni. "Hapana, mwanangu. Wewe ulimpa baba yako usingizi. Hakuna mwingine aliyempa." Kisha akalia, na Njiti akalia naye, mpaka povu likaisha kwenye maji.

Siku shule ilipofunguliwa tena baada ya likizo, Njiti alipitia kiwandani. Mlinzi alimjua, akamteremshia kopo, akalifunua. Kikohozi kikatoka, kikavu, kirefu. Njiti akakilazia sikio, akafumba macho. Ng'ambo ya ukuta mpakiaji mpya alikuwa anafungua mfuko.

Mlinzi alimwacha kidogo. Kisha akamtoa kopo mikononi taratibu, akalifunika.

"Njoo baadaye, mwanangu," alisema. "Saa hizi liko kazini."