Sawa ya Shemeji

Shemeji yangu ananichosha. Nasema hili mapema ili mtu asije akanidhania mwema kuliko nilivyo. Ni mume wa mdogo wangu wa kike, mtu wa sala, hana ugomvi na yeyote, na ukikaa naye kutwa nzima unatamani kumkopesha hasira zako kidogo, angalau mfanane. Kila kitu kwake ni "sawa". Paa linavuja, sawa. Kiwanda kimempunguza kazini, sawa, Mungu yupo. Nyuma yake nilimwita Bwana Sawa, na mdogo wangu alijua, akanuna.

Ndiye aliyenijia kuniomba nimchukue mumewe kwenye kazi ya kuchimba visima. Nilikataa. Baadaye nikakubali, maana mdogo wangu huyo akishaamua jambo, bora umpishe. Akasema yeye mwenyewe atashika kamba juu. Hapo sikuwa na neno, kazi hii baba alitufundisha sote wawili, na mdogo wangu ana mikono ya kazi kuliko wanaume wengi ninaowajua.

Sasa, kwetu sisi "sawa" si neno la kuchezea. Ndani ya kisima sauti zinagongana na kuta, zikifika juu ni mvurugano mtupu. Kwa hiyo baba alituachia neno moja tu la kazi. Ndoo ikijaa, aliye chini anasema "sawa", na aliye juu anavuta. Mengine yote, hata ukitukana, hayamhusu mshika kamba.

Hilo nilimweleza shemeji kabla hatujashuka, akaitikia kwa kichwa. Tulipofika chini nikatupia sururu ndani ya ndoo ili nipate pa kugeukia, mpini ukabaki umejitokeza nje. Nikaona si vibaya nimkumbushe. Nikamwambia, "Shemeji, humu ndani usije ukasema lile neno lako."

"Sawa," akasema.

Na mdogo wangu akavuta. Ndoo ikapaa, mpini ukanasa kwenye mbao tulizokuwa tumepigilia ukutani kuzuia tabaka la mchanga, naye huko juu akadhani ni uzito, akavuta kwa nguvu zake zote. Ubao ukang'oka. Zikafuata mbao nyingine, kisha mchanga, kisha giza.

Tulipona kwa sababu mbao zilianguka zikakwama kombo juu ya vichwa vyetu, zikauzuia mchanga uliobaki. Chini yake tulibaki na nafasi ya watu wawili waliochuchumaa, magoti kwa magoti. Watu wakiaibika husema wanatamani ardhi ipasuke iwameze. Sisi ilikuwa imeshatumeza, na nimemezwa pamoja na nani? Na Bwana Sawa.

Nilimwambia yote niliyokuwa nayo moyoni tangu siku ya posa. Nilimwambia kwamba amemfanya mke wake atuzike kwa mikono yake mwenyewe. Akakubali kwamba kosa ni lake, akaniomba msamaha. Hakubisha hata kidogo. Jamani, kuna kitu kinachoudhi kama kugombana na mtu asiyebisha?

Nikapapasa nikapata beleshi, nikaanza kuchokonoa juu. Kila nikichokonoa, mchanga unamiminika kupitia nyufa za mbao. Ukatufika kwenye vifundo, ukapanda kwenye magoti. Shemeji akaniambia nipumzike. Nikamwambia atapumzika yeye, mimi bado nina watoto wa kulea. Nikachokonoa tena, ubao mmoja ukalia, ukashuka mpaka ukanigusa utosini. Basi mtu huyo akaninyang'anya beleshi, akalikalia. Shemeji mzima amekalia beleshi gizani, na mimi navuta mpini, haliji.

Akasema, "Tulichoweza tumefanya. Ukiendelea, unatuua."

Ningempiga, lakini hata pa kurushia mkono hapakuwepo. Na juu tulikuwa tukiwasikia watu, vishindo vyao na amri zao, kila mtu bosi. Nikajiambia angalau wale wanafanya kitu. Nikasikiliza vishindo vile kwa roho yangu yote. Kila vikizidi, mchanga nao ulizidi kutumwagikia, na mimi bado nikawa naviombea viongezeke.

Halafu vikakoma. Hakuna kishindo, hakuna sauti. Nikangoja vianze tena, havikuanza. Nikajua kilichotokea, kwa sababu nami ningeamua vivyo hivyo: ukingo unabomoka, mtu mwenye akili amewaondoa wote wasije wakafuata waliokwisha kufa. Kazi ya mikono ilikuwa imeisha, ya kwetu na ya kwao.

Nikasema, "Wameacha."

"Nimesikia," akajibu.

Sauti yake ilinipandisha mori, vile ilivyotulia. Nikamkamata mkono nimtikise, nimuulize kama yeye ni mtu au gogo. Na mkono ule ulikuwa unatetemeka. Si kidogo. Ulikuwa unatetemeka mpaka begani, na nilipomsogelea nikasikia meno yake yanagongana.

Nikamwambia, "Kumbe unaogopa."

"Tangu mwanzo."

"Mbona husemi?"

"Ningesema ungezidi kuchimba." Akaendelea: "Ninaogopa sana, shemeji. Lakini kututoa humu hakuko mikononi mwangu. Nimemwachia Mungu. Nikiogopa tena, namwachia tena. Ndiyo kazi ninayoifanya hapa tangu muda ule."

Miaka yote nilidhani amezaliwa hivyo, hana mishipa ya fahamu, mambo yanampita tu. Kumbe alikuwa anafanya kazi, tena nzito, kwa ukimya. Sikuuachia ule mkono. Nikamwambia Mungu kwa sauti, na nakiri sikuwa na adabu, kwamba nimechoka, sijui kingine cha kufanya, basi afanye anavyojua. Nikaegemea ukuta. Mchanga ukaacha kumwagika, maana sasa hapakuwa na wa kuutikisa.

Na katika ukimya ule tukasikia. Kwaruzo moja, nyepesi. Kimya. Kwaruzo nyingine. Si sururu wala beleshi, ni mtu mmoja anachota kwa kitu kidogo, polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Shemeji alianza kulia. Mkewe, kama nilivyokuja kusimuliwa, alikuwa amejifunga kamba kiunoni, akawaambia wanaume washike tu na wasithubutu kukanyaga ukingo, akashuka peke yake na kopo.

Nilitaka kupiga mbao, kupiga kelele, kumharakisha. Sikufanya. Tulikaa tukamsikiliza akija, kwaruzo kwa kwaruzo, ilichukua umri mzima, hadi mwanga ukapenya pembeni ya ubao na mkono wake ukaingia. Ukapapasa kichwa changu, ukakitambua, ukaniacha. Mimi ndugu yake wa tumbo moja! Ukaendelea kutafuta mpaka ukamfikia wa pili, hapo ukatulia.

Kamba ingemchukua mmoja wetu tu pamoja na mdogo wangu, na mbao zilikuwa zinalia. Shemeji akasema nitangulie mimi. Nikamwambia kama ana masikio asikie: mkewe anamngoja, na atakayebaki lazima ajue kukaa bila kugusa kitu, na hilo nimeshajifunza. Alinitazama kwenye ule mwanga mdogo. Nadhani alitaka kucheka. Mdogo wangu akatukaripia wote wawili tuache upuuzi, akamfunga mumewe kamba kifuani.

Wakavutwa. Walipokuwa wanapita, ubao wa juu ukateleza, tundu likajifunga, giza likarudi. Nikabaki peke yangu. Mchanga ukaanza kunidondokea begani. Mikono yangu ilikuwa inataka kuchimba, beleshi lilikuwa pale pale alipoliacha shemeji, naye wa kulikalia hayupo.

Nikalikalia mimi. Nikasema, "Mungu Baba, nipo hapa," nikafumba macho, nikangoja kamba.