Mishono Isiyo na Akiba

Tangu aolewe, fundi cherehani huyu alijishonea nguo zinazombana. Kwa makusudi kabisa. Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyemtia kasumba hiyo: shona ndogo, utapungua mpaka uifikie. Kabati likajaa magauni ambayo hayajawahi kutoka nje, naye akazidi kujiona kama kazi iliyoachwa nusu.

Mtoto wa fundi alipokaribia kuoa, wifi akaja kuagiza gauni. Akamtazama fundi, mama wa bwana harusi, juu mpaka chini, mbele ya wateja.

"Wifi, ndiyo utasimama hivyo kwenye picha? Jitahidi bwana, usimtie mtoto aibu."

Wateja wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, huku roho inamchemka.

"Nikupime?"

"Ya nini? Shona kwa vipimo vyangu vya zamani. Mpaka siku hiyo nitakuwa nimevifikia."

Ndiyo kauli yake ya kila mara, na hajawahi kuvifikia. Fundi ndiye aliyemsitiri. Alikuwa akiacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono, halafu siku za mwisho anampima kwa macho, anafumua na kupanua kimyakimya. Wifi akavaa, akaamini amepungua, akaendelea kuwahubiria wenzake.

Safari hii fundi alishona kama alivyoambiwa, akakata akiba yote, akaitupa. Kisha akajipima mwenyewe bila kubana tumbo, akajishonea gauni la mwili alionao. Alipolivaa, machozi yalimtoka kwa hasira. Miaka yote hiyo, kumbe mwili haukuwa na kosa lolote!

Wifi alichukua gauni lake bila kulijaribu, kama kawaida yake. Asubuhi ya harusi akaingia mbio chumbani kwa fundi, zipu imegoma mgongoni.

"Nipanulie, wifi yangu, naadhirika!"

"Hakuna cha kupanua. Hivyo ndivyo vipimo vyako."

"Mbona siku zote nguo zako zinanitosha?"

"Siku zote nilikuwa nazipanua mimi."

 Wifi akaketi kitandani, wanja ukimchuruzika mashavuni.

"Una roho mbaya wewe! Huna hata chembe ya huruma?"

"Ninayo. Leo nimejipa mwenyewe. Nenda kavae gauni linalokutosha."

Fundi akasubiri nafsi imsute. Haikumsuta. Akajitazama kwenye kioo mara moja tu, akachukua mkoba wake, akatoka kwenda kumwoza mwanawe.