Nilivyomjibu Bwana Eklund

"Kunguru kushoto, kwa hesabu ya pili," Lyle alisema, na sisi kumi tuliokuwa tumeinama kumzunguka tukatazamana.

Hatukuwa na mbinu iitwayo Kunguru. Mbinu zote za timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, pale Chuo cha Ardell, ziliitwa kwa rangi na namba, maana Kocha Stroud alikuwa mtu asiyependa mapambo. Wenzangu walidhani Lyle anatania. Alikuwa na tabia hiyo, ya kutuchekesha pale mchezo unapokuwa mgumu, na mmoja wetu alishaanza kucheka. Lakini mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote, na niliyaona macho yake nyuma ya vyuma vya helmeti. Yalinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama msafiri asiyemjua aliyekaa naye benchi moja stesheni.

"Buluu kumi na nne kulia," nikasema, kana kwamba narudia maneno yake. "Hesabu ya pili. Twendeni."

Tukaenda. Nikainama, na alipohesabu mbili nikaupitisha mpira kati ya miguu yangu hadi mikononi mwake, na mikono yake ikajua la kufanya. Mpira uliruka yadi thelathini, ukatua kifuani mwa mtu wetu wa pembeni, na watu elfu tatu wakasimama katika baridi ile wakipiga kelele. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba aliyeurusha hakuwa na habari yuko mji gani.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1986, Dakota Kaskazini. Dakika chache kabla ya hapo, beki mmoja wa wageni, jitu la kilo mia na ishirini, lilikuwa limemlaza Lyle chali, na kisogo chake kikagonga ardhi iliyokuwa imeanza kuganda. Jitu lile lilikuwa likinichokoza tangu mwanzo wa mchezo. "We bonge," liliniambia, "mwambie huyo mrembo wako aandike wasia." Lyle alipoinuka, akajipangusa majani magotini, nilifurahi kuona limeaibika.

Lyle Brandvold alikuwa kwotabeki wetu: yeye ndiye aliyetamka mbinu, akapokea mpira na kuamua uende wapi. Mimi, Gus Petrik, nilikuwa senta, yule anayeinama na kumkabidhi. Kwa miaka mitatu kila mpira alioushika uwanjani ulitoka mkononi mwangu. Hakuna aliyekata tiketi kuja kunitazama mimi. Wenzangu waliniita Gogo, na sikuchukia, kwa sababu jina hilo lilitoka kwa Lyle, na Lyle hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa kijana mwembamba mwenye masikio makubwa, aliyeimba nyimbo za kanisani bafuni kwa maneno ya kutunga mwenyewe, maneno ambayo mchungaji angeyasikia angezimia. Baba yake alifanya kazi kwenye maghala ya ngano hadi vumbi likamaliza mapafu yake. Mama yake, Solveig, alikuwa mpishi wa shule. Msimu ule, kwa sababu ya Lyle, tulikuwa hatujapoteza mechi hata moja, na watu waliokuwa hawamjali baba yangu, mfugaji wa nguruwe, walianza kumpungia mikono barabarani.

Baada ya mchezo nilimkuta amekaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Wengine walikuwa wameshaondoka. Aliniambia taratibu kwamba hakumbuki chochote tangu mapumziko. Kunguru kushoto, nilikuja kugundua, ilikuwa mbinu ya shule yake ya sekondari. Nikamwambia twende kwa Bwana Eklund, mganga wa timu, kabla hajafunga ofisi.

"Sikia, Gogo," akasema. "Eklund atanikalisha nje. Nikikaa wiki moja, Stroud atampa Pruitt nafasi yangu. Halafu nini? Nirudi kuvuta vumbi kama baba? Kichwa kinauma tu, bwana. Kitapoa. Usiniuze."

Sikumuuza. Na kichwa hakikupoa.

Kuanzia siku ile tulicheza watu wawili katika nafasi moja. Mbinu ikiletwa kutoka kwa kocha, Lyle aliisikia, na kabla hajageuka kututazama ilikuwa imeshamtoka. Mimi nilikuwa nikimnong'oneza, yeye akiitamka kwa sauti yake nzuri ya kujiamini, na hakuna aliyeshtuka. Darasani alivuta pazia akisema jua linamsumbua. Nilimkuta akitapika nyuma ya kanisa la chuo, akaniambia ni maziwa. Siku moja aligonga mlango wa chumba alicholala mwaka uliopita, akagombana na waliomo akiuliza kwa nini wamehamisha kitanda chake. Tulilicheka jambo hilo bwenini wiki nzima, na yeye alicheka kuliko wote, huku akinitazama kuona kama ni jambo la kuchekesha kweli.

Kila Alhamisi Bwana Eklund alimpima kila aliyekuwa amegongwa kichwa. Alikuwa mzee mwenye harufu ya kafuri, aliyejifunza kazi yake jeshini. Alikuwa akikutajia maneno matatu, akaongea nawe habari nyingine kidogo, kisha akakutaka uyarudie. Maneno yenyewe hayakubadilika miaka nenda miaka rudi: farasi, kijiko, Jumapili. Nilikaa na Lyle maktaba nikamkaririsha kama anavyokaririshwa mtoto sala, hadi yakawa yanatoka yenyewe. Farasi, kijiko, Jumapili. Alifaulu wiki nne.

Wiki ya tano, Jumatano, Corinne Amdahl alinifuata kwenye ukumbi wa chakula. Alikuwa mchumba wa Lyle, akisomea uuguzi. Harusi ilikuwa imepangwa Juni. Aliweka sinia yake mbele yangu na hakugusa kitu.

"Jana aliniita kwa jina la dada yake," akasema. "Mara mbili, Gus. Mara ya kwanza nilijiambia amechoka."

Alikuwa amemsihi Lyle aache kucheza, na Lyle akamjibu kwamba akilazimika kuchagua, atamwacha yeye. Corinne alikuwa amesoma kuhusu ubongo unaogongwa kabla haujapona. Hakulia. Aliniambia kwamba yeye kwa kocha ni mchumba tu, atapewa kiti na kikombe cha kahawa kisha ataonyeshwa mlango. Lakini mimi nikisema, watasikia. Jumamosi ilikuwa mechi ya mtoano, kubwa kuliko zote katika historia ya chuo chetu, na alitaka niseme kabla ya hapo.

"Kesho nitamwambia Eklund," nikamwahidi.

Nimeirudia ahadi ile moyoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikitafuta kama ndani yake kulikuwa na udanganyifu. Haukuwapo. Nililala nikijua nitakachosema.

Kesho yake sikuhitaji hata kwenda. Bwana Eklund ndiye aliyeniita. Nilipoingia ofisini kwake, Kocha Stroud alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo. Eklund alinieleza kwamba asubuhi ile, bila kumwonya Lyle, alibadilisha maneno. Alimpa nyundo, mto, na Machi. Lyle hakusubiri hata kuulizwa. Alimjibu farasi, kijiko, Jumapili, akatabasamu. Kocha akasema, bila kugeuka, kwamba hayo ni mambo ya vijana, wanakariri majibu, na Lyle ni mtu wa utani. Eklund akasema huenda ni hivyo, na ndiyo maana ameniita.

"Wewe ndiye unayekuwa naye karibu kuliko mtu yeyote," akaniambia. "Kijana huyu yuko sawa?"

Hapo kocha akageuka. Wengi wanaoisikia habari hii hutarajia kwamba alinitisha. Hakunitisha. Alionekana mzee na hajalala.

"Sema kweli, mwanangu," akasema. "Ukisema hayuko sawa, hachezi, na hakuna atakayekulaumu. Mimi mwenyewe nitahakikisha."

Mlango ulikuwa wazi hivyo. Nilichohitaji ni neno moja.

"Yuko sawa," nikasema. "Anawatania tu. Si mnamjua Lyle."

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilisema hivyo kwa sababu alikuwa ameniomba nisimuuze. Nilijiambia pia ni kwa ajili ya baba yangu na ile mikono aliyopungiwa. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, nikiendesha trekta katika shamba lisilo na mti hata mmoja, sababu yenyewe iliponijia, na ikabidi nizime injini. Kwa wiki tano timu ile ilikuwa imechezeshwa na mdomo wangu. Lyle alirusha, lakini mimi ndiye niliyejua. Mimi, Gogo, nilikuwa kwotabeki, na nilitaka Jumamosi moja zaidi.

Jumamosi hakugongwa kwa nguvu. Nimeona watu wakigongwa mara mbili ya vile wakainuka wakicheka. Robo ya tatu ya mchezo, mtu alimsukuma begani, akaanguka kwa ubavu, akasimama mwenyewe, akatembea hadi tulipokuwa. Mawingu yalikuwa yamefunga tangu asubuhi.

"Gus," akasema, si Gogo, "mwanga umezidi."

Kisha akapiga magoti polepole kama anayetafuta kitu kwenye nyasi, na akalala. Nilimpigia magoti, nikamnong'oneza mbinu. Sijui kwa nini. Nilimnong'oneza mara tatu kabla Eklund hajanisukuma pembeni.

Walimpasua kichwa hospitalini Fargo usiku uleule. Alilala wiki kumi na moja. Alipozinduka, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, na ulimi wake ulikuwa mzito. Mambo ya utotoni aliyakumbuka vizuri, lakini kilichotokea muda huu huu hakikumkaa saa moja. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Bwana Eklund alisimama mbele ya kamati ya chuo akasema kosa ni lake, hakulitaja jina langu, na akaacha kazi kabla ya majira ya kuchipua. Corinne alipoirudisha pete ya uchumba, Solveig aliikataa kwanza, kisha akaipokea, kwa sababu kila asubuhi Corinne alipokuja Lyle alikuwa akimuuliza mama yake yule muuguzi ni nani. Nami nilirudi uwanjani mwaka uliofuata. Nilimkabidhi Pruitt mpira msimu mzima. Alikuwa mchezaji wa kawaida, asiyehitaji kunong'onezwa.

Nilibaki karibu. Hilo ndilo nililoliweza. Kila vuli nilikwenda kwa Solveig, nikasafisha mifereji ya paa, nikapasua kuni, nikamnyoa Lyle ndevu. Solveig alinipa chapati za viazi zenye siagi na sukari, na mbele ya watu wote wa kanisa lake alisema, "Wengine wote walikuja mwaka mmoja, Gus hajamwacha mwanangu." Nilimwacha aseme. Alisema hivyo kwa miaka thelathini na moja, na mwisho akaagiza yaandikwe, maana nilipofungua karatasi ya ibada ya mazishi yake, niliona jina langu chini kabisa, peke yake, likishukuriwa.

Hiyo ilikuwa Machi ya 2018. Baada ya maziko tulishuka chini ya kanisa kula. Lyle aliketi kwenye kiti chake cha magurudumu mwisho wa meza, kitambaa shingoni, akila viazi kwa mkono wa kushoto na kumuuliza kila aliyepita mama yuko wapi. Walimwambia yuko jikoni. Corinne alikuwa amekuja kutoka Minneapolis, nywele zimekuwa nyeupe. Tulikutana kwenye birika la kahawa. Hatukuwa tumezungumza tangu ukumbi ule wa chakula.

Nikamwambia. Sikupamba, sikutaja sababu. Nilisema kwamba Eklund aliniuliza, na nilisema yuko sawa.

Corinne alikuwa akikoroga kahawa ambayo hakuitia kitu.

"Najua," akasema. "Alinipigia simu mchana uleule. Aliniuliza na mimi."

Nikakiweka kikombe changu mezani.

"Lyle alikuwa amekaa mbele yangu. Siku ile aliamka vizuri, Gus. Alikuwa ameniita jina langu tangu asubuhi, hakukosea hata mara moja. Nikamwambia Eklund, kama Gus amesema yuko sawa, basi yuko sawa."

Akakiweka kijiko juu ya kitambaa cha karatasi. Miaka yote ile nilikuwa nikidhani mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuulizwa, kumbe wa mwisho alikuwa yeye. Nilitegemea kwamba kulijua hilo kungenipunguzia kitu. Nilisimama pale nikisubiri kinipungue, huku akina mama wakikusanya sahani.

Makao ya wasiojiweza yalikuwa yanampokea Lyle kabla ya saa kumi, maili arobaini kutoka pale, na nilikuwa nimesema nitampeleka mimi. Tulimvalisha koti pamoja, Corinne akishika ule mkono wa kulia usiokunjika, mimi nikiuvuta mkono wa koti. Alimshukuru Corinne kwa adabu, akamwita mama. Corinne alimfunga vifungo vyote hadi shingoni, akabaki mlangoni.

Barabarani theluji ilikuwa inayeyuka mashambani, ardhi nyeusi ikijitokeza kwa mabaka. Lyle alipapasa dashibodi.

"Gari hili la nani?" akauliza.

Nikamwambia ni langu. Akasema ni gari zuri. Akaniuliza tena tulipofika darajani, na tena tulipopita maghala ya ngano, na kila mara nikamwambia ni langu, na kila mara akasema ni gari zuri.